Kufinyanga bila tanuri

Bonge la udongo unaokaukia hewani, ukilitoa tu kwenye pakiti, huwa baridi na laini kama donge la unga wa chapati lililopumzishwa. Ulibonyeze, na mistari ya kidole chako itabaki pale. Ulaini huo ndio unaowaponza wanaoanza. Kisahani kinafinyangwa asubuhi kikapendeza, kinaanikwa juani ili kikauke upesi, na kufikia alasiri ukingo umejikunja kama jani kavu na katikati kumepita ufa. Aliyekifinyanga hakukosea mkono, alikosea kuanika. Nyufa, mipindo, masikio ya kikapu yanayobanduka, ukungu unaochipuka chini ya rangi: karibu yote hayo hutokana na jinsi maji yalivyotoka ndani ya udongo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya ni ya kukausha.

Kwanza kitu chenyewe. Udongo wa mfinyanzi tuliouzoea, kama ule ambao kina mama wa Kikisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, huufinyangia vyungu, lazima uchomwe. Moto ukifika kiasi cha nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, maji yaliyofungwa ndani ya chembe za udongo zenyewe hutoka, na kuanzia hapo chungu hakirudi tena kuwa tope hata ukikizamisha mtungini. Udongo wa kukaukia hewani haufiki hatua hiyo. Ndani yake mna unga laini wa madini, nyuzi za karatasi na gundi. Maji yakiondoka, gundi hushikamanisha unga na nyuzi. Maji yakirudi, gundi hulegea. Usiutie kwenye tanuri ukidhani utakuwa chungu. Karatasi na gundi vitaungua na kazi itavunjikavunjika.

Zile nyuzi za karatasi zina kazi ileile ya mchanga au vigae vilivyosagwa ambavyo wafinyanzi huchanganya kwenye udongo wa vyungu. Hupunguza kujivuta kwa udongo unapokauka, na ufa ukianza hupata cha kuuzuia. Ndiyo maana udongo huu huvumilia makosa ambayo udongo wa mtoni ukiachwa bila kuchomwa usingeyavumilia. Lakini uvumilivu huo una kikomo, na kikomo chake ni unene wa kama sentimita moja. Ukizidi hapo, ngozi ya nje hukauka na kusinyaa wakati kiini bado kibichi, na ngozi iliyobanwa juu ya kiini kisichosinyaa haina njia ila kupasuka.

Madukani utakuta aina mbili kuu. Ya kwanza ni hii yenye madini na karatasi, nyeupe au ya rangi ya matofali, inayouzwa kwa pakiti za gramu 500 au kilo moja. Chapa ya DAS ya Italia ni miongoni mwa zinazojulikana sana. Inafaa visahani, vishikio vya mishumaa, sanamu ndogo, hereni na mapambo ya ukutani. Ya pili ni udongo wa povu, mwepesi mno, unaovutika kama ubani wa kutafuna. Watoto huupenda na haupasuki kirahisi, ila ukikauka huwa kama sponji ngumu na haupigwi msasa ukakubali. Aina ya tatu, porseleni baridi, unaweza kuipika mwenyewe. Nitaieleza mbele kwa sababu inastahili nafasi yake. Unga wa ngano na chumvi, ule wa vikombe viwili vya unga kwa kimoja cha chumvi na kimoja cha maji, ninashauri uachwe na yeyote anayeishi pwani. Chumvi hunyonya unyevu wa hewa. Kila mwenye jiko Tanga au Mombasa ameona chumvi ya mezani ikigeuka tope wakati wa masika, na pambo la chumvi ukutani hulowa vivyo hivyo.

Hali ya hewa ya mahali ulipo ina nguvu kuliko maelekezo ya pakiti. Pakiti itakuambia saa 24 hadi 72. Kisahani cha milimita 5 kikiwekwa chumbani Dodoma mwezi wa Septemba, na upepo ule mkavu, kinaweza kukauka juu kabla hujanawa mikono, na hapo hatari ni ufa, lazima ukifunike. Kisahani hichohicho Unguja mwezi wa Aprili kitakaa siku nne au tano bado kibaridi, na hapo hatari ni ukungu. Lazima ukipitishie hewa. Kwa watu wa pwani, miezi ya kipupwe, Juni hadi Agosti, ni mizuri kwa vitu vikubwa. Masika yatumie kwa hereni, shanga na vitu vyembamba.

Tuchukue kisahani cha kuwekea pete na hereni, kipana sentimita 12, maana humo mna karibu kila somo. Kinahitaji gramu 100 hivi za udongo, kwa hiyo pakiti ya nusu kilo hutoa vitano, mabaki yakikandwa upya. Kata kipande, funga pakiti mara moja, kanda dakika mbili au tatu hadi kingo zisichanike unapolibana donge kati ya viganja. Zikichanika, udongo umepoteza maji: lowesha vidole, kanda tena, rudia. Usimimine maji juu ya donge. Yatakaa nje yawe ute huku ndani pamebaki pakavu.

Tandaza karatasi ya kuokea, si meza tupu, kwa sababu udongo hushika meza na ukiubandua unaunyoosha upande mmoja. Upande ulionyooshwa hukumbuka, na ukikauka utapinda kuelekea huko. Weka vijiti vya aiskrimu vya mbao kulia na kushoto kwa donge, viwiliviwili, kimoja juu ya kingine. Kijiti kimoja kina unene wa kama milimita 2, kwa hiyo viwili vinakupa 4 kila upande. Sukuma kwa kifimbo cha chapati au chupa ya soda ya kioo hadi kifimbo kitembee juu ya vijiti. Geuza udongo pamoja na karatasi yake mara moja au mbili, usukume kutoka pande zote. Anayesukuma upande mmoja tu atapata duara, na duara hilo litakauka kuwa yai.

Ukitaka mapambo, sasa ndiyo saa yake. Jani la mpera lina mishipa iliyotokeza vizuri mgongoni. Lilaze mgongo chini, pitisha kifimbo mara moja kwa nguvu ya wastani, liache palepale hadi udongo uanze kugangamaa, halafu liinue kwa ncha ya sindano ukianzia kwenye kikonyo. Alama isizidi theluthi moja ya unene. Mshipa ulioingia nusu ya unene ni mstari wa kupasukia.

Kabla ya kukata, funika udongo kwa nailoni laini ya kufungia chakula, kisha bonyeza bakuli au mfuniko wa duara juu yake. Nailoni huufanya ukingo ukatike kwa mviringo laini badala ya kuacha makali, na inakupunguzia robo saa ya msasa baadaye. Pitisha kidole chenye unyevu ukingoni, unyevu tu, kisiwe kinadondosha. Maji mengi huosha unga laini na kuacha nyuzi za karatasi zimesimama kama manyoya, na nyufa ndogondogo hufuata palepale.

Sasa laza duara lako ndani ya bakuli. Wengi huligeuza bakuli wakautandaza udongo juu ya mgongo wake, na hapo ndipo kazi inapoharibika. Udongo husinyaa kwa asilimia 5 au zaidi kidogo. Duara la sentimita 12 hubaki na 11 na ushei. Ukiwa nje ya bakuli unalikumbatia, na bakuli halipungui, basi udongo utapasuka. Ukiwa ndani unajivuta kuelekea katikati kwa uhuru na kujibandua wenyewe. Tandika karatasi au unga kidogo wa wanga chini yake ili uteleze. Kwa sababu hiyohiyo, chupa ya kioo ikivikwa udongo karibu lazima ipasue vazi lake. Wanaotaka chombo cha maua chenye chupa ndani hupaka chupa gundi nyeupe kwanza, huvika tabaka la milimita 3 tu, huacha lipasuke likauke kabisa, kisha hujaza nyufa na kuvika tabaka la pili jembamba.

Saa 12 za mwanzo ndizo zinazoamua. Funika kisahani kwa kitambaa chepesi, kipande cha kanga kuukuu kinatosha, mbali na jua na feni. Kikigangamaa kiasi cha kuinuliwa bila kupinda, kitoe kwenye bakuli, kigeuze juu ya wavu, na kuanzia hapo kigeuze kila baada ya saa sita hivi. Hereni na vitu bapa vina adabu yake. Vikianza kugangamaa, viweke kati ya vipande viwili vya ubao wa jipsamu, ule wa dari, juu yake uzito mdogo kama kitabu kimoja. Jipsamu hunyonya maji kwa chini na kwa juu sawasawa, kwa hiyo hereni hutoka zimenyooka. Mafundi wa dari hutupa vipande hivyo kila siku. Omba, ufunge kingo kwa utepe wa karatasi ili vumbi la jipsamu lisiingie kwenye udongo.

Hereni zisukume milimita 2 hadi 3, si zaidi, masikio yatalalamika. Tundu litobolewe likiwa na upana wa milimita 2 na nusu kwa mrija mwembamba au kijiti, na libaki na angalau milimita 3 za udongo hadi ukingoni. Tundu husinyaa pamoja na kila kitu, na aliyetoboa kwa sindano atakuta ndoano haipiti.

Kuunga sehemu mbili kuna kanuni moja: maji matupu hayaungi. Kwaruza pande zote mbili mistari ya kupishana kwa kijiti cha meno, paka uji wa udongo mzito kama mtindi (udongo uleule na maji, ukiongeza tone la gundi nyeupe si vibaya), bana, kisha pitisha kinyuzi chembamba cha udongo kwenye mshono na kukisugua kipotelee. Sehemu zote mbili ziwe na unyevu sawa. Sikio bichi likiungwa kwenye kikapu kilichokwisha kukauka litasinyaa peke yake na kujing'oa usiku. Zikikauka zote, usirudi kwenye uji wa udongo. Tumia gundi nyeupe ya mbao na uzifunge kwa uzi hadi kesho yake.

Sanamu nene zitengenezewe kiini. Karatasi ya foili ya jikoni iliyofinywa kwa nguvu hadi isibonyee tena ndicho kiini bora, na juu yake udongo wa milimita 5 hadi 8. Waya wa mikono na miguu uwe wa shaba au alumini. Waya wa kufungia nondo huota kutu ndani ya udongo mbichi, na madoa ya kahawia hupenya hadi nje, hata kupita rangi nyeupe.

Porseleni baridi ina mashabiki wengi Amerika ya Kusini, na vinavyohitajika karibu vyote vipo sokoni kwetu. Chukua kikombe kimoja cha gundi nyeupe ya mbao, kikombe kimoja cha wanga wa mahindi, yaani konflawa, vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya mtoto, na vijiko viwili vya siki au maji ya ndimu. Sembe haifai hata ukiichekecha mara tatu. Wanga wa kweli ukiubana kati ya vidole hutoa mlio mdogo wa kukwaruza, na hauna punje. Tenga sufuria na mwiko kwa kazi hii peke yake, visirudi kwenye chakula.

Koroga gundi, mafuta na siki kwanza, kisha wanga, hadi mabonge yaishe. Weka kwenye moto mdogo sana usiache kukoroga. Kwa dakika chache hutaona kitu. Kisha mabonge huanza chini ya sufuria, mchanganyiko unakuwa kama uji uliokatika, na watu wengi hapo hufikiri wameharibu. Endelea. Anayejua kusonga ugali atakiona kinachokuja: vitu vinaanza kushikana, vinaacha ukuta wa sufuria, vinaufuata mwiko kwa donge moja. Epua wakati huo huo, donge likiwa bado linang'aa na linanata kidogo katikati. Ukilisubiri likauke motoni, maji yameshapotea na litapasuka ukilifinyanga. Ukiliepua mapema, litanata vidoleni siku nzima. La pili linatibika kwa wanga kidogo wakati wa kukanda, la kwanza kwa kweli halina dawa ya uhakika.

Kanda likiwa na joto unalolivumilia, mikono ikiwa na mafuta, dakika tano au zaidi, hadi liwe laini na ukilivuta lichanike kwa ncha nyembamba. Lifunge kwenye nailoni bila hewa, lilale siku moja. Pwani, kanda pamoja na matone matatu au manne ya mafuta ya karafuu, kwa sababu wanga ni chakula cha ukungu na karafuu huuzuia. Mende na panya nao wanaupenda wanga, kwa hiyo donge likae kwenye kopo lenye mfuniko. Ukitaka rangi nyeupe, changanya kijiko kidogo cha rangi nyeupe ya akriliki. Bila hiyo, porseleni hukauka ikiwa na umanjano hafifu na mwanga hupenya kidogo. Rangi yoyote utakayochanganya itakoza ikikauka, basi changanya nyepesi kuliko unayoitaka. Kusinyaa kwake pia ni kukubwa kuliko kwa udongo wa dukani, asilimia 10 na zaidi. Malipo yake ni petali za waridi na za asumini zenye unene wa karatasi ambazo hazivunjiki zikidondoka, jambo ambalo udongo wa madini hauwezi kabisa.

Utajuaje kazi imekauka? Rangi hupauka, lakini usiiamini. Igusishe shavuni: ikiwa baridi kuliko meza iliyokaa juu yake, maji bado yanatoka. Kilicho bora zaidi ni mizani ya jikoni. Pima, andika, pima tena baada ya saa 12. Gramu zikiacha kushuka, imekauka. Anayepaka rangi kabla ya hapo amefungia maji ndani, na yatatoka kwa kuinua rangi malengelenge au kwa kuotesha ukungu.

Nyufa zijazwe wakati huu, si kabla. Ufa uliozibwa udongo ukiwa mbichi utafunguka tena usiku. Ponda udongo uleule na gundi nyeupe hadi uwe lahamu laini, usukumie ndani kabisa kwa kijiti, uache umevimba kidogo juu ya ufa kwa kuwa nao utasinyaa. Kisha msasa: namba 120 kwa vilima, 240 kwa uso, 400 kwa kumalizia. Msasa mkavu, kamwe usiwe wa maji. Fanya kazi hii nje, upepo ukiwa mgongoni, pua na mdomo vimefunikwa kwa barakoa. Vumbi lake ni laini mno na halifai mapafuni. Futa kwa kitambaa kilicholoweshwa kikakamuliwa sana.

Rangi za akriliki ndizo zinazokaa vizuri. Tabaka la kwanza la rangi nyeupe ya maji ya ukutani, iliyopunguzwa kidogo, huziba vinyweleo na kuokoa rangi ya bei. Baada ya rangi kukauka siku nzima, paka vanishi tabaka mbili au tatu nyembamba, ukipumzisha saa kadhaa kati yake. Vanishi ya mafuta ya mbao ni ngumu lakini hugeuza nyeupe kuwa njano kadiri miezi inavyopita. Kwa kazi nyeupe tafuta ya maji. Paka na chini. Paka ndani ya tundu la hereni kwa ncha ya kijiti cha meno. Vingi vinavyorudishwa na wateja vimeharibikia mahali ambapo brashi haikufika, kwa kawaida kitako kilichokaa juu ya meza ya bafuni.

Vanishi haikigeuzi kisahani kuwa cha chakula. Inazuia tone, haizuii kulowekwa, na haijatengenezwa kwa ajili ya kinywa. Anayeuza amwambie mnunuzi waziwazi: hakuna kahawa humu, hakuna achari, mshumaa uwe ule mdogo wenye kikombe chake cha bati, na kikichafuka kifutwe kwa kitambaa. Kuliandika hilo kwenye kikaratasi na kukifunga pamoja na bidhaa ni haki ya mnunuzi.

Pakiti iliyofunguliwa ifungwe kwa nailoni mbili, kisha kwenye kopo lenye kipande cha sponji chenye unyevu kidogo. Sponji ikidondosha maji, udongo utaota ukungu ndani ya wiki mbili. Donge la madini lililoanza kugangamaa lichomwe matundu kwa kijiti, linyunyiziwe maji, lifungwe usiku kucha na likandwe asubuhi. Lililokauka kabisa lisitupwe: liponde kwa mchi, uliloweke kwenye kopo la mtindi. Halitafaa tena kusukumwa, gundi yake imekwisha nguvu, lakini kwa uji wa kuungia na lahamu ya kujazia nyufa litakutosha miezi mingi.